Vipindi vya kilimo redioni: Mfadhili akiondoka, nani atalipa?

Misaada ya nje inapungua na vipindi vinavyomsaidia mkulima kujua mbegu, dawa na bei viko hatarini. Mwenye duka Kariakoo naye ataumia.

KATIKA mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, redio ndogo huuzwa kama njugu. Zina tochi mbele, kisola kidogo mgongoni na mahali pa kuchomeka kadi ya kumbukumbu. Wamachinga huzipanga juu ya meza, na mfanyabiashara wa mkoani aliyekuja kufungasha mzigo hubeba katoni nzima pamoja na madaftari, sabuni na betri.

Redio hizo huishia mbali na mjini. Hutundikwa mtini pembeni mwa bustani ya nyanya, hufungwa kwenye usukani wa baiskeli au huwekwa dirishani jikoni. Mwenye nayo akisikia kipindi kinachoeleza mbegu mpya au dawa ya wadudu, fedha yake hurudi mjini kupitia kwa muuza pembejeo wa kijijini, ambaye naye huchukua mzigo kwa wauzaji wa jumla, wakiwamo wa Kariakoo.

Kwa hiyo kipindi cha kilimo ni uzi unaounganisha shamba na duka. Lakini ukiuliza ni nani anayelipia kipindi hicho, mara nyingi utaambiwa ni mfadhili, tena mfadhili wa ng'ambo. Mkulima anayesikiliza hachangii. Mwenye duka anayeuza kutokana na kilichosemwa redioni naye hachangii.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Sasa linasumbua, kwa sababu wafadhili wanafunga mikoba.

Mikoba inafungwa

Januari 20, 2025, Rais wa Marekani, Donald Trump, alisaini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo kwa nchi za nje ili ipitiwe upya. Julai 1, 2025, Shirika la Misaada la Marekani (USAID) lilisitisha rasmi utoaji wa misaada, na programu chache zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo.

Shirika la kutetea waandishi wa habari la Reporters Without Borders lilieleza wakati ule kwamba zaidi ya dola milioni 268 za Marekani zilikuwa zimetengwa kwa mwaka 2025 kusaidia vyombo huru vya habari duniani. Fedha hizo zilikumbwa na amri hiyo.

Tanzania si ngeni kwa fedha za namna hiyo. Mradi wa Boresha Habari, ulioanza mwaka 2017 kwa fedha za USAID, ulifanya kazi na vituo vya redio hapa nchini katika mafunzo na uandaaji wa vipindi. Mradi kama huo huwa na muda wake. Ukiisha, vituo husubiri mwingine. Tatizo la sasa ni kwamba wanaosubiri hawajui wanasubiri nini.

Wamarekani hawako peke yao. Februari 2025 Uingereza ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027. Fedha za Uingereza ndizo zilizokuwa nyuma ya kipindi cha Haba na Haba cha BBC Media Action, kilichorushwa hapa nchini kupitia vituo mbalimbali.

Desemba 2025 ikawa zamu ya Sweden. Serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba itaondoa misaada yake ya maendeleo kwa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo. Kwa wanaoijua historia ya redio na elimu ya watu wazima nchini, hilo lilikuwa pigo la aina yake.

Matangazo ya nje nayo yametikisika. Machi 2025 Idhaa ya Kiswahili ya Sauti ya Amerika, iliyoanza mwaka 1962, ilinyamaza baada ya wafanyakazi wa shirika hilo kupewa likizo ya lazima. Kabla ya hapo, mwaka 2011, BBC ilikuwa imesitisha masafa mafupi kwa matangazo yake ya Kiswahili ili kubana matumizi, na msikilizaji akabaki kutegemea redio za FM za karibu naye.

Hivyo mzigo wote sasa uko kwa redio za ndani. Na ndani ya redio hizo, kipindi cha mkulima ndicho chenye miguu dhaifu kuliko vyote.

Si jambo jipya

Utangazaji wa redio nchini ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, redio ikawekwa chini ya Serikali moja kwa moja kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam, au RTD kama ilivyozoeleka. Studio zake zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, si mbali na Kariakoo.

Wakati huo swali la nani alipe lilikuwa na jibu jepesi. Serikali ililipa mishahara ya watangazaji na ya mabwana shamba, na kipindi kama Mkulima wa Kisasa hakikuhitaji tangazo la sabuni ili kiende hewani.

Lakini hata enzi hizo mambo makubwa yalihitaji mkono wa nje. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza redio, wakajadili na kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Sweden ilitoa fedha kwa ajili ya Mtu ni Afya.

Julai 1993 RTD ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na Ukimwi, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu (UNFPA). Mchezo huo ulipendwa, na watafiti waliupima kwa kulinganisha mikoa iliyousikia na Dodoma ambako haukurushwa katika miaka ile ya mwanzo.

Mwaka huohuo wa 1993 Bunge lilipitisha sheria iliyofungua milango kwa redio binafsi, na mwaka 1994 vituo kama Radio One na Radio Tumaini vikaingia hewani. Mashabiki wa muziki na mpira walifurahi. Mkulima naye alipata redio nyingi zaidi za kusikiliza, ila muda wa hewani ukawa bidhaa. Kila dakika ikawa na bei, na mwenye bidhaa humuuzia anayelipa zaidi.

Kampuni za simu, benki na za michezo ya kubahatisha zina fedha za kununua muda. Mkulima wa mihogo hana.

Miradi ya wakulima

Katika mazingira hayo ndipo mashirika ya nje yalipoingia. Farm Radio International la Kanada lina historia ndefu katika jambo hili. Mwanzilishi wake, mtangazaji George Atkins, alikuwa Zambia mwaka 1975 alipomsikia mtangazaji mwenzake akieleza kwamba kipindi chake kijacho kingehusu plagi za matrekta, wakati wasikilizaji wake wengi walilima kwa majembe na ng'ombe. Mwaka 1979 Atkins alianza kuwatumia watangazaji wa nchi zinazoendelea maandishi ya vipindi yanayomfaa mkulima mdogo.

Kati ya mwaka 2007 na 2010 shirika hilo liliendesha utafiti wa redio na kilimo katika nchi tano za Afrika: Tanzania, Uganda, Malawi, Ghana na Mali. Vituo 25 vilishiriki, na fedha zilitoka kwa Mfuko wa Bill na Melinda Gates. Kila kampeni ilichukua miezi kadhaa na kushughulikia jambo moja ambalo wakulima wenyewe walilichagua.

Matokeo yalionyesha kwamba wakulima walioshirikishwa tangu mwanzo, wakasikilizwa sauti zao kwenye kipindi, walifuata mafunzo kwa wingi kuliko wale waliosikia tu kwa mbali. Simu ya mkononi nayo ilisaidia. Msikilizaji asiye na salio aliweza kubipu na kituo kikampigia au kikahesabu bipu yake kama kura.

Kwa upande mwingine, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) lilisaidia redio za jamii kama Sengerema FM mkoani Mwanza, FADECO ya Karagwe mkoani Kagera, Pambazuko ya Ifakara mkoani Morogoro na Micheweni ya Pemba. Sweden na Uswisi ni miongoni mwa nchi zilizotoa fedha za kazi ya UNESCO ya aina hiyo.

Miradi hiyo ilithibitisha kwamba kipindi kizuri cha kilimo hubadili namna watu wanavyolima. Haikujibu kikamilifu swali la nani alipe siku mradi ukifungwa.

Kipindi hakifi siku moja

Wengi hudhani fedha zikikatwa kipindi huondolewa hewani kesho yake. Mara chache huwa hivyo. Kipindi hufa polepole, na msikilizaji huchelewa kugundua.

Kwanza huondoka nauli. Mtangazaji aliyekuwa akipanda pikipiki kwenda kijijini na kinasa sauti hubaki studio. Sauti ya mkulima akieleza namna alivyookoa shamba lake hutoweka, na nafasi yake huchukuliwa na mtangazaji anayesoma alichokipata kwenye intaneti, pengine kikihusu udongo na mvua za nchi nyingine.

Kisha huondoka bwana shamba. Mtaalamu huyu alikuwa akipewa walau nauli ya kufika kituoni kujibu maswali. Nauli ikikosekana, haji, na maswali hujibiwa kwa kubahatisha.

Hatua ya tatu ni vocha. Kituo hakiwezi tena kuwapigia wakulima waliobipu, na simu za moja kwa moja hubaki kwa wenye salio. Mama mwenye robo eka ya mchicha hasikiki tena.

Baada ya hapo huanza marudio. Kipindi cha kupanda mahindi cha mwaka jana hurushwa tena mwaka huu, hata kama mvua zimekuja kwa kuchelewa. Mwisho, saa yake huuzwa. Kilichokuwa saa mbili usiku, wakati watu wametoka shambani, huhamishiwa saa nane mchana wakati hakuna mtu nyumbani, hadi siku moja hakisikiki kabisa.

Mkulima hapewi taarifa ya msiba huo. Huona tu kwamba redio siku hizi haina maana.

Kanitangaze na viwavijeshi

Hasara ya kukosa kipindi huonekana zaidi siku janga linapoingia. Mwaka 2014 mdudu mharibifu wa nyanya, anayeitwa kitaalamu Tuta absoluta, aligunduliwa mkoani Arusha. Kiwavi wake hujificha ndani ya jani na kulichimba, kisha huingia kwenye tunda. Shamba lililokuwa la kijani Jumatatu huonekana kama limeunguzwa moto baada ya muda mfupi.

Wakulima walimpa jina lao: Kanitangaze. Yaani akipita shambani kwako, habari zake utazitangaza mwenyewe.

Jina hilo lina ukweli mchungu. Mdudu huyu hakufa kwa dawa nyingi zilizozoeleka, na wakulima walinyunyizia zaidi na zaidi bila mafanikio. Kilichohitajika ni maarifa: kutumia mitego ya harufu inayonasa madume, kubadilisha aina za dawa ili mdudu asizoee, kung'oa na kuharibu mabaki ya mazao na kutopanda nyanya mfululizo mahali palepale.

Maarifa ya namna hiyo hayaandikwi yote kwenye kibandiko cha chupa. Mwaka 2017 walipoingia viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, hali ilikuwa hiyohiyo. Aliyejua mapema kwamba kiwavi huyo hujificha ndani ya kikonyo cha mhindi, na kwamba anapaswa kushambuliwa akiwa mdogo, aliokoa kitu.

Pasipo kipindi, mwenye duka la pembejeo ndiye anayegeuka bwana shamba. Mkulima hufika na jani lililokauka mkononi na kuuliza apewe nini. Muuzaji mwaminifu hujitahidi. Asiye mwaminifu huuza kilichobaki kwenye rafu.

Hapo ndipo wenye maduka ya Kariakoo wanapoguswa. Mkulima aliyeuziwa dawa isiyo sahihi harudi kununua tena. Aliyepata hasara ya msimu mzima hana mtaji wa msimu unaofuata. Na soko la mbegu na viuatilifu bandia hunawiri pale ambapo hakuna mtu wa kumkumbusha mkulima aangalie lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI) na aulize kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA).

Bei ya Dar es Salaam

Jambo la pili ni bei. Mkulima wa vitunguu au nyanya anayepeleka mzigo Dar es Salaam bila kujua hali ya soko humwachia dalali aseme la mwisho. Siku lori kumi zimeingia pamoja, bei hushuka, naye hana namna ila kuuza kabla mzigo haujaoza.

Katika miaka ya 2000, programu ya masoko ya kilimo iliyofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) ilikuja na jambo lililowafurahisha wengi. Vikundi vya wakulima viliteua watu wao wa kwenda sokoni kuchunguza bei, ubora unaotakiwa na wanunuzi, kisha kutuma habari kijijini kwa simu. Watu hao waliitwa mashushushu wa soko.

Shushushu mmoja mwenye simu husaidia kikundi chake. Shushushu huyohuyo akipewa dakika tano redioni husaidia wilaya nzima. Akieleza bei ya Ilala, ya Mabibo na ya nafaka Tandale, msikilizaji hupata mahali pa kuanzia anapozungumza na mnunuzi aliyekuja na lori lake shambani.

Redio pia ndiyo mahali pa kupigia kelele lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa kinyume cha sheria ya vipimo. Wakala wa Vipimo hawezi kusimama kwenye kila shamba, lakini mkulima aliyesikia redioni kwamba ana haki ya kudai mizani huwa mgumu kuonewa.

Mfanyabiashara mdogo wa Dar es Salaam naye hunufaika. Mama lishe na muuza genge hununua kulingana na kilichoingia sokoni. Mkulima anayejua bei huleta mzigo kwa mpangilio, na bei hazipandi na kushuka kama bembea.

Tahadhari kwa mdhamini

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba kampuni za mbegu na dawa zidhamini vipindi. Ni jibu zuri, lakini lina mtego.

Kampuni moja ikibeba gharama zote, mtangazaji hujikuta katika hali ngumu. Mbegu ya kampuni hiyo ikishindwa kuota katika wilaya fulani, je, atasema? Mkulima akipiga simu kulalamika kwamba dawa iliyotajwa imeunguza mboga zake, je, simu itapokelewa?

Kipindi kikishageuka tangazo refu, wasikilizaji huondoka, na mdhamini mwenyewe hupoteza alichokilipia. Ndiyo maana uzoefu wa watangazaji wa kilimo unasisitiza mambo matatu: tangazo litengwe na ushauri, msikilizaji ajulishwe nani amelipa, na ushauri utolewe na mtaalamu asiyelipwa na muuzaji.

Njia iliyo salama zaidi ni wadhamini wengi wadogo. Kumi wakichangia, hakuna mmoja anayeweza kumziba mtangazaji mdomo.

Vyanzo vilivyo karibu

Mfano mmoja wa kutafakari uko Terrat, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara. Redio ya Orkonerei, iliyoanza mwaka 2002 na kuwahudumia hasa wafugaji wa Kimaasai, ilikuwa miongoni mwa redio za kwanza za jamii nchini. Taasisi iliyoianzisha haikukaa kusubiri misaada peke yake. Ilijiingiza katika usindikaji wa maziwa na uzalishaji wa umeme, ikiamini kwamba shughuli za kiuchumi na redio vinaweza kubebana.

Miradi hiyo nayo ilipata msaada wa nje mwanzoni. Lakini fundisho linabaki: msaada ukitumika kujenga kitu kinachozalisha, hudumu kuliko ukitumika kulipa posho za semina.

Halmashauri za wilaya ni chanzo kingine. Hukusanya ushuru wa mazao, ambao mwaka wa fedha 2017/18 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ushuru huo hutoka jasho la mkulima. Sehemu ndogo yake ikilipia nauli ya bwana shamba kwenda kituoni mara moja kwa wiki, mkulima atakuwa amerudishiwa kitu kinachoonekana.

Tena bwana shamba huyo tayari yuko kwenye orodha ya mishahara. Ofisa ugani mmoja hawezi kufika kila kijiji cha kata yake kila wiki, lakini kwa nusu saa ya redio anaweza kuvifikia vyote, na vya kata jirani.

Uko pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ambao umesaidia kupeleka mawasiliano vijijini na kupanua usikivu wa redio ya Taifa. Usikivu ni nusu ya kazi. Mnara ukishasimama, nusu ya pili ni kitakachosikika humo, na wadau wa kilimo wana haki ya kulizungumzia hilo.

Serikali yenyewe inajua kwamba vyombo vya habari vimeyumba kifedha. Mwaka 2023 iliunda kamati iliyoongozwa na mtangazaji mkongwe, Tido Mhando, kutathmini hali ya kiuchumi ya vyombo hivyo. Vipindi vya kilimo vinastahili kutajwa kwa jina katika mijadala ya namna hiyo, kwa kuwa ndivyo vya kwanza kuumia.

Hesabu ya mfano

Ili kuona kama jambo hili linawezekana, chukua hesabu ya mfano tu. Tuseme maduka 20 ya pembejeo na vifaa vya kilimo ya Kariakoo yanakubaliana kuchangia Sh10,000 kila moja kwa wiki. Hiyo ni Sh200,000 kwa wiki, au Sh10.4 milioni kwa mwaka.

Kwa duka linalouza kwa jumla, Sh10,000 ni sawa na faida ya bidhaa chache. Kwa kituo kidogo cha wilayani, Sh200,000 kwa wiki ni mafuta ya pikipiki, nauli ya bwana shamba, vocha ya kuwapigia waliobipu na kitu kidogo kwa mtangazaji.

Upande wa shamba, tuseme vikundi 40 vyenye wanachama 25 kila kimoja vinachangia Sh500 kwa mwanachama kwa mwezi. Hizo ni Sh500,000 kwa mwezi. Viwango vya kila mahali vitatofautiana, na kila kituo kina bei yake ya muda wa hewani. Lakini hesabu inaonyesha kwamba kipindi kimoja cha wilaya hakihitaji mamilioni ya dola.

Kinachokosekana ni mtu wa kuwaita wahusika mezani. Mwenye duka Kariakoo hajui kituo cha Ifakara kinahitaji nini. Kituo cha Ifakara hakijui ni maduka gani ya Kariakoo yanayouza zaidi bondeni Kilombero. Hapo ndipo vyama vya wafanyabiashara, vyama vya msingi vya ushirika na mitandao ya redio za jamii vinapoweza kufanya kazi ya udalali ulio halali.

Mambo ya kufanya sasa

Kwa mkulima: usisubiri kipindi kizimwe. Kikundi chako kiandike barua kwa kituo, kiseme kinasikiliza saa ngapi na kinataka kusikia nini. Kituo chenye barua za wasikilizaji kina kitu cha kumwonyesha mdhamini. Kisicho na barua kina maneno matupu.

Kwa mwenye duka: waulize wateja wako wa mikoani wamesikia wapi habari za bidhaa wanayoitaka. Weka alama kwenye daftari kila anayetaja redio. Baada ya miezi mitatu utajua kipindi kina thamani gani kwako, na utachangia ukijua unachangia nini.

Kwa kituo: toa hesabu. Mwambie msikilizaji wazi kipindi kinagharimu kiasi gani na nani analipa. Watanzania huchangia harusi, misiba na ujenzi wa madarasa kwa sababu huona kamati na huona daftari. Hawatachangia kitu wasichokijua.

Kwa halmashauri: ingizeni nauli ya bwana shamba wa redio kwenye bajeti kabla msimu haujaanza, kwa sababu mdudu hasubiri kikao cha madiwani.

Wafadhili walifanya kazi yao, na wapo watakaoendelea kufanya. Lakini fedha ya mtu wa mbali huamuliwa mbali, katika vikao ambavyo mkulima wa Karagwe na muuza mbegu wa Kariakoo hawana kiti. Mfadhili akibadili nia, hakuna anayewauliza.

Jioni, maduka ya Kariakoo yanapofunga milango, katoni za redio huwa zimeshapakiwa kwenye mabasi na malori ya mikoani. Zitafika, zitawashwa na zitashika masafa. Kitakachosikika humo msimu ujao kinategemea zaidi wale wanaouza, wanaonunua na wanaolima hapahapa nchini.